Waya Uliopita Juu ya Jiko

Muhula uliopita, katika mdahalo wa shule yetu, ilitolewa hoja kwamba televisheni iliyomo katika bwalo la chakula iondolewe, kwa kuwa yawapotezea wanafunzi wakati wao kwa filamu na muziki. Hoja ilishinda kwa kura chache. Mimi nilikuwa katika upande ulioshindwa, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijapewa nafasi ya kusema, namwomba Bwana Mhariri aniruhusu niseme hapa.

Maoni yangu ni kwamba televisheni ile haina kosa. Kosa ni la waya wake. Waya huo watoka katika dishi juu ya paa hata dikoda moja, na kutoka dikoda hata kioo kimoja, na hapo ndipo ukomapo. Mimi ningependa uendelee mpaka katika chumba cha kompyuta, ambacho ni hatua 30 tu kutoka bwaloni, ili vipindi vinavyoshuka kutoka satelaiti viingie katika mtandao wetu na kila kompyuta iweze kuvipokea. (Watanzania husema king'amuzi badala ya dikoda, na ni neno zuri, lakini ukiliuliza dukani hapa Kasese watakutazama tu.) Jambo hilo lawezekana, nami nimelifanya nyumbani kwetu Bwera. Lakini kabla sijaeleza namna nilivyolifanya, yanipasa kwanza nieleze kwa nini nilitaka kulifanya.

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Uganda zilifungwa. Madarasa mengine yalirudishwa kwa zamu, kisha yakafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na shule hazikufunguliwa kwa watu wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ilitangazwa ulimwenguni kwamba hakuna nchi nyingine iliyofunga shule zake muda mrefu hivyo. Mimi nilikuwa na miaka 13 mambo hayo yalipoanza. Masomo yakawa yanatolewa kwa redio na kwa televisheni.

Nyumbani kwa baba mdogo, ambako ndiko nilikolelewa, palikuwa na dishi, na televisheni sebuleni. Majirani walituona kuwa watu wa bahati. Lakini sebule ile ilikuwa ya baba mdogo na wageni wake, nao, kwa kuwa mpaka wa Mpondwe ulikuwa umefungwa kwa wasafiri na biashara imelala, walikuwa wakishinda pale mchana kutwa. Sisi wavulana tuliruhusiwa kukaa juu ya mkeka kando ya ukuta, mradi tunyamaze. Binti wa baba mdogo, ambaye ni dada yangu, alikuwa na miaka 15. Alikuwa mbele yangu kwa madarasa mawili, na katika hesabu alinishinda hata katika yale niliyoyajua vizuri. Yeye alikuwa jikoni.

Jiko letu ni kijumba cha peke yake nyuma ya ua, kama ilivyo desturi. Nguzo ya dishi ilisimamishwa nyuma ya jiko hilo, mbali na mwembe, kwa hiyo waya ulipita juu ya paa lake ukaja sebuleni. Somo la hesabu lilikuwa likipita juu ya kichwa cha dada yangu, naye yuko chini anasonga obundu. Jioni nilikuwa nikimwendea na daftari langu kumweleza niliyoyaona. Siku za kwanza alinisahihisha. Baadaye akawa anasikiliza tu. Baadaye tena akaniambia, "Niache, mdogo wangu, nimechoka." Shule zilipofunguliwa alikuwa na mtoto wa miezi 4, na hakurudi. Siku hizi anauza vitenge katika soko la Mpondwe.

Sisemi kwamba televisheni ingemwokoa. Mambo yaliyompata yalikuwa na sababu nyingi, na nyingine hazifai kuandikwa katika gazeti la shule. Nasema hili tu: somo lilikuwamo ndani ya waya, na waya ulikuwa juu ya paa lake, wala hapana mmoja wetu aliyewaza kwamba waya waweza kugawanywa.

Basi likizo ya Desemba niliporudi Bwera nilikuwa na shauri hilo moyoni. Kwanza nilidhani kazi ni nyepesi. Nyuma ya dikoda ya baba mdogo, ambayo ni ya kulipia, niliona tundu la waya wa mtandao. Nikanunua waya, nikauchomeka upande mmoja katika dikoda na upande wa pili katika ruta, nikangoja. Hakikutoka kitu. Nikasoma kijitabu chake nikagundua kwamba tundu lile ni mlango wa kuingilia tu: dikoda hulitumia kuleta habari kutoka intaneti, lakini picha hazitoki kwa mlango huo. Na hata zingetoka zisingefaa kitu, maana stesheni za kulipia husafiri zikiwa zimefumbwa, na ufunguo wa kuzifumbua huwa katika dikoda au katika kadi yake. Siku 3 nilizipoteza hapo. Nampa msomaji habari hizo ili asizipoteze za kwake.

Njia iliyofaa ilikuwa ni kuiacha dikoda ile kwa baba mdogo na mpira wake, na kutafuta dishi la pili kwa ajili ya stesheni za bure. Jirani mmoja alikuwa nalo, kuukuu, limelala nyuma ya nyumba likinywesha kuku. Fundi akatusimamishia.

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo, maana jambo lenyewe lanipendeza. Satelaiti za televisheni zimepangwa angani juu ya mstari wa Ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786. Katika kimo hicho satelaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia yenyewe hujizungusha, kwa hiyo sisi twaiona kana kwamba imesimama. Arthur C. Clarke, Mwingereza, aliandika habari za vyombo vya namna hiyo mwaka 1945, kabla hakijarushwa hata kimoja. Basi mstari wa Ikweta hukata barabara yetu karibu na Kikorongo, pale penye njia panda ya kwenda Bwera, ambapo watalii hushuka garini wapigwe picha. Maana yake satelaiti hizo zimepangwa juu ya vichwa vyetu hasa. Mtu wa London hulielekeza dishi lake chini chini kuelekea kusini, lakini dishi la Bwera linalotafuta satelaiti za digrii 36 mashariki hutazama karibu utosini, kama digrii 83 kutoka upeo wa macho. Ukitazama kwa macho dishi lenyewe utaliona limelala kidogo kuliko hivyo, kwa sababu kichwa chake hakikuwekwa katikati. Hayo mafundi wetu huyajua kwa mikono, wala hawana haja ya hesabu zangu.

Kile kichwa kinachoshikwa na mkono wa dishi, mafundi hukiita LNB, hupokea mawimbi ya gigahezi 10.7 mpaka 12.75 na kuyashusha yawe ya megahezi 950 mpaka 2150, kwa kuwa yale ya juu hayawezi kusafiri mbali ndani ya waya. Waya huyaleta nyumbani. Na ndani ya dikoda ya kawaida mna wafanyakazi wawili: wa kwanza huenda kuupokea mzigo, wa pili huufungua na kuutandaza juu ya kioo. Anayetaka kuweka televisheni katika mtandao anamhitaji yule wa kwanza tu. Yule wa pili yumo tayari katika kila kompyuta na kila simu ya siku hizi.

Kwa hiyo nilichukua kompyuta kuukuu iliyokuwa imeachwa dukani kwa baba mdogo, nikatia ndani yake kadi ya kupokelea satelaiti, ambayo mwenzangu mmoja aliniletea kutoka Kampala. Nikaiwekea Linux, na juu yake programu iitwayo Tvheadend. Zote mbili hupatikana bure. Kadi huchukua mzigo kutoka dishi, programu huugawa katika mtandao kwa ye yote aombaye. Wenye fedha waweza kununua kisanduku kilichokamilika kinachofuata kanuni iitwayo SAT>IP, ambayo ilitangazwa mwaka 2012 na kampuni ya SES ya Luxemburg pamoja na wenzake. Mtu huchomeka waya wa dishi upande mmoja na waya wa mtandao upande mwingine, basi. Mimi sikuwa na fedha. Nilikuwa na kompyuta ya mavumbi na likizo ndefu.

Sasa kuna jambo moja ambalo ye yote atakayejaribu lazima alifahamu, ama sivyo nyumba itajaa ugomvi. Stesheni hazishuki moja moja. Zashuka zimepakiwa pamoja, kama magunia ndani ya lori. Ninyi mnaotoka Bwera mmekwisha kuyaona malori yaliyopangana pale forodhani Mpondwe yakingoja kuvuka Kasindi, kila moja na mizigo ya wafanyabiashara mbalimbali. Ndivyo ilivyo. Lori moja la satelaiti, kwa vipimo vilivyozoeleka sana, hubeba megabiti 38 hivi kwa sekunde, na stesheni moja ya picha za kawaida huhitaji kama 4. Kwa hiyo hupatikana stesheni 8 au 9 katika lori moja. Kadi yangu ni mpokeaji mmoja, na mtu mmoja aweza kuliendea lori moja tu kwa wakati mmoja. Lakini akishalifikia, magunia yote yaliyomo ni yake kugawa: hili liende sebuleni, hili jikoni, lile chumbani kwa bibi. Akitokea mtu anayetaka gunia lililo katika lori jingine, ama angoje, ama inunuliwe kadi ya pili. Nilipomweleza baba mdogo kwa mfano huo alielewa mara moja, maana yeye ni mtu wa forodhani.

Waya wa mtandao wa bei ndogo hubeba megabiti 100, kwa hiyo lori zima laingia na nafasi yabaki. Kwa njia ya hewa ni shida zaidi, nami niliionja shida hiyo. Jumapili ya kwanza niliamuru kompyuta ipeleke picha kwa watu wote kwa pamoja, nikidhani kwamba huo ndio ukarimu. Ruta yetu ndogo ikasongwa. Simu za nyumba nzima zikaacha kufanya kazi, na baba mdogo, aliyekuwa akingoja ujumbe wa bei ya kahawa, akaja ameshika waya wangu mkononi. Nikabadili, nikaipa kila mtu anayeomba sehemu yake peke yake, na jikoni nikapeleka waya wa mita 40 badala ya hewa. Tangu siku hiyo hatujasongwa.

Sasa nirudi shuleni kwetu. Wengi wameiona katika kompyuta zetu ile programu ya kuonyeshea picha yenye alama ya koni ya barabarani, VLC. Wangapi wajua kwamba ilianza kwa sababu ya dishi? Mwaka 1996 wanafunzi wa chuo cha uhandisi kilichoitwa École Centrale Paris, huko Ufaransa, walikuwa na mtandao wa polepole mno katika makazi yao, nao walitaka wa kasi ili wacheze michezo ya kompyuta. Mkuu gani wa chuo atatoa fedha kwa ajili ya michezo? Wakapata shauri lingine: televisheni ya satelaiti. Badala ya kununua dishi na dikoda kwa kila chumba, litumike dishi moja, na mtandao uwagawie wote. Mtandao ukajengwa. Wanafunzi wenyewe wakaandika programu ya kupeleka picha na programu ya kuzipokea, na hiyo ya kupokea ndiyo VLC. Tarehe 1 Februari 2001 waliitoa iwe huru kwa watu wote. Koni ile ni ukumbusho wa koni za barabarani ambazo vijana hao walikuwa wamezikusanya, walizipataje, sitauliza. Ninalotaka kusema ni kwamba programu iliyotengenezwa na wanafunzi kwa kazi hii hii imelala katika kompyuta zetu, nasi twaitumia kutazamia video za harusi.

Wenzangu wa upande wa pili wana hoja zao, na si zote zilizo mbaya. Husema kwanza kwamba televisheni ikiingia katika chumba cha kompyuta, wavivu watakaa humo siku nzima. Najibu kwamba katika bwalo hakuna awezaye kuchagua ila yule mwenye nguvu za kushika kidude cha kubadilisha stesheni, na sote twamjua. Katika mtandao, mwalimu ndiye aandikaye orodha ya stesheni zitakazogawiwa, na saa zake. Akitaka stesheni za muziki zisionekane, hazionekani.

Husema pili, dishi ni mambo ya zamani, siku hizi kila kitu kimo katika intaneti. Ni kweli kimo, lakini huingia kwa bei gani? Saa moja ya picha za megabiti 4 ni kama gigabaiti 1.8. Kompyuta 40 zikitazama kipindi kile kile kila moja kwa njia yake ni gigabaiti 72 kwa saa moja. Kipindi hicho hicho kikishuka katika dishi hakituongezei hata senti, watazame 2 au watazame 40. Tena mwezi wa Julai 2021 iliwekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Na mwezi wa Januari mwaka huo huo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Dishi letu halikuzimwa. Kitu kimoja tu hulizima, nacho ni mvua. Mawimbi haya hunyonywa na matone makubwa, na mvua ishukayo kutoka Rwenzori haina mchezo. Ikinyesha hiyo, tusome vitabu.

Husema tatu kwamba stesheni za bure nyingi hazina maana. Hapo nawaunga mkono. Nimezipitia zote zinazofika Bwera, na kuna zile ambazo mtu huuza miujiza kutwa kucha na namba ya simu chini yake. Nzuri ni chache. Lakini hata maktaba yetu ina vitabu vingi ambavyo hapana aliyevifungua, wala hakuna aliyetoa hoja kwamba maktaba ifungwe.

Na liko jambo ambalo hawakulisema, nami nitalisema mwenyewe kwa sababu lilinijia. Mwenye kibanda cha video karibu nasi alipopata habari za waya wangu alikuja na fedha, akitaka nimvutie mpira kutoka dikoda ya kulipia ya baba mdogo ili awaonyeshe wateja wake. Tena akasema kuna vijana wanaojua kuifanya kadi moja ifungue dikoda za mtaa mzima. Baba mdogo alikaa kimya kidogo; fedha zilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Baba, malipo tunayolipa ni ya nyumba hii. Tukimuuzia jirani, huo ni wizi." Sheria ya haki za watungaji na watangazaji tunayo, tangu mwaka 2006. Alinitazama, akamrudishia yule mtu fedha zake, lakini kwa siku 2 hakusema nami vizuri. Naandika haya ili Mheshimiwa Mkuu wa shule asidhani kwamba ninaloliomba ni mlango wa mambo hayo. Dishi la bwalo letu ni la stesheni za bure, na hizo zimerushwa ili zipokewe.

Ninaloliomba ni dogo. Iko kompyuta moja chumbani ambayo kioo chake kimepasuka; yenyewe bado nzima, wala kazi hii haihitaji kioo. Panahitajika kadi moja, waya wa hatua 30, na ruhusa ya kupanda juu ya paa. Mimi na wenzangu wa kikundi cha kompyuta tutafanya kazi hiyo Jumamosi moja, na tutawafundisha wa kidato cha pili, kwa kuwa sisi twaondoka mwishoni mwa mwaka.

Nyumbani nimekwisha kuondoka, na waya wa jikoni ungali ukifanya kazi. Siku ya mwisho ya likizo dada yangu alirudi kutoka sokoni akamkuta bibi ameketi karibu na moto akitazama kipindi cha ushonaji katika simu yangu ya zamani, ambayo nimeipigilia ukutani juu ya mifuko ya unga. Kipindi kilikuwa kinakwisha. Alitua mzigo wake wa vitenge, akasimama mlangoni na mtoto mkononi mpaka kikaisha. Kisha akaniuliza, "Hiki cha saa 4 asubuhi, hakiwezi kuningoja mpaka nirudi?"

Nikamwambia chaweza. Diski ya kompyuta ile ni ya gigabaiti 500, yaani zaidi ya saa 270 za vipindi. Usiku ule nilikaa nikaiagiza ikiweke kila wiki, na dada yangu akakaa kando yangu akiniandikia saa zake katika daftari. Niliposema 270 alipiga hesabu kichwani akanisahihisha: ni 277.

Mwanafunzi wa Kidato cha 6